Nimefunika `__setitem__` katika darasa linalorithi `dict`, mbona `update()` inaipita pembeni?

#1 Mchambuzi Mdogo

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenishughulisha kwa siku mbili, nami nimeona heri nilifikishe hapa kabla sijaanza kubomoa kazi ambayo wenzangu tayari wanaitumia. Ninasoma mafaili ya data ambayo vichwa vya safu zake vimeandikwa na watu wengi, kila mmoja kwa mtindo wake: faili moja lina "Urefu", la pili lina "UREFU", la tatu lina "urefu". Ili nisirudie usafishaji ule ule kila mahali, niliandika darasa la Python linalorithi `dict`, yaani kamusi ya ndani ya lugha hiyo, nikaandika upya methodi moja tu, ile inayoweka thamani, ili kila ufunguo ugeuzwe kuwa wa herufi ndogo kabla ya kuhifadhiwa.

```
class KamusiNdogo(dict):
    def __setitem__(self, ufunguo, thamani):
        super().__setitem__(ufunguo.lower(), thamani)

k = KamusiNdogo(Rangi="kijani")
k["UREFU"] = 30
k.update(UZITO=12)
print(k)
```

Kinachochapishwa ni hiki:

```
{'Rangi': 'kijani', 'urefu': 30, 'UZITO': 12}
```

Ufunguo uliopita kwenye mabano ya mraba umegeuzwa. Ule ulioingia wakati wa kuunda objekti haukuguswa, na ule ulioingia kwa `update()` haukuguswa vilevile. Nilivyofundishwa, methodi ya mtoto ikiwa na jina moja na ya mzazi, inayoitwa ni ya mtoto. Sasa `update()` inaiwekaje thamani bila kupita kwa mtoto? Je, hii ni hitilafu ya Python, au ni mimi niliyeelewa vibaya maana ya kurithi?

#2 Fundi Kimya

Andika upya `__init__` na `update()` pia, kisha usisahau `setdefault()` pamoja na alama ya `|=` iliyoingia katika toleo la 3.9. Zote huingiza thamani bila kuipitia `__setitem__` yako.

#3 Mchambuzi Mdogo

Asante, Fundi. Dawa nimeiona, ila ugonjwa wenyewe bado sijaujua. Nataka kufahamu kwa nini inakuwa hivyo, maana nisipofahamu nitaanguka tena kwenye darasa jingine.

#4 Bingwa wa Kasi

Sababu ni kasi, mkuu. `dict` haifanani na darasa tunaloandika mimi na wewe. Yenyewe ndiyo inayobeba majina yote ya kila moduli, sifa za objekti nyingi, na vigezo vya ziada vinavyopitishwa kwa majina, hivyo intapreta, yaani programu inayoendesha msimbo wa Python, inaigusa mara nyingi mno hata katika programu ndogo. Katika CPython, intapreta ya kawaida ya Python, imeandikwa kwa lugha ya C, na `update()` inapoingiza thamani huiita moja kwa moja funksheni ya ndani ya C. Haisimami kuuliza objekti hii ni ya darasa gani na kama darasa hilo lina `__setitem__` yake. Kutafuta methodi kwa jina kila ufunguo unapoingia kungekuwa gharama ya kulipwa na kila programu kwa ajili ya watu wachache wanaorithi `dict`. Kwa hiyo si hitilafu. Ni bei iliyochaguliwa kwa makusudi.

#5 Dada Mantiki

Ndugu Bingwa, ninakubali kwamba msimbo wa C huita funksheni ya C, ila sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu. Tazama mfano huu:

```
class Hesabu(dict):
    def __missing__(self, ufunguo):
        return 0

h = Hesabu()
print(h["x"])
print(h.get("x"))
```

Mstari wa kwanza unachapisha 0 na wa pili unachapisha `None`. Methodi zote mbili ni za `dict` ile ile, zote zimeandikwa kwa C, na hakuna ufunguo "x" katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Hata hivyo, moja inamuuliza mtoto kama ana `__missing__` na nyingine haimuulizi. C haiwazuii watunzi kumuuliza mtoto pale walipotaka. Tofauti iko kwenye ahadi: nyaraka za Python zinasema wazi kwamba kusoma kwa mabano ya mraba kutaiita `__missing__` kama mtoto ameiandika, na zinaongeza kwamba hakuna methodi nyingine inayoiita. Wala hakuna palipoandikwa kwamba `update()` itaiita `__setitem__`. Mzazi aliacha mlango mmoja wazi akautangaza. Mchambuzi amejaribu kupita pasipo na mlango.

#6 Mzee wa Istilahi

Kabla hatujaendelea, naomba tulitazame neno lenyewe, kwa sababu nahisi nusu ya mkanganyiko inatoka hapo. Mchambuzi anasema "kuandika upya" ndani ya maelezo na "kufunika" kwenye kichwa cha uzi, na nimewasikia wengine wakisema "kubatilisha". Maneno haya hayana uzito mmoja. Ukibatilisha kitu, hakipo tena kisheria. Ukiandika upya, aliyeisoma nakala ya zamani atadhani imefutwa. Lakini methodi ya mzazi haifutwi wala haibatiliki. Ipo pale pale ndani ya darasa la mzazi, na yeyote anayejua njia anaifikia, ama kwa `super()` ama kwa kuandika `dict.__setitem__(k, "A", 1)`. Hilo ni tendo la kufunika. Sufuria ikifunikwa chakula bado kimo, na aliye na mkono upande wa chini wa kifuniko atakigusa. Mimi ninatumia "kufunika", na ninawasihi vijana wanaojifunza walitumie, kwa kuwa neno hilo linawakumbusha kujiuliza kila mara nani anaitazama methodi kutoka juu na nani yumo ndani tayari.

#7 Chipukizi

Samahanini, mimi ni mgeni katika haya. Mnasema "anayeitazama kutoka juu". Python inajuaje aanze kutazama wapi? Na `super()` maana yake ni "mzazi wangu", au nimekosea?

#8 Mwalimu Mstari

Umekosea kidogo, mwanangu, na kosa hilo wamelifanya wengi kabla yako, kwa hiyo ngoja nilieleze kwa kirefu.

Kila darasa katika Python lina mstari wa ukoo, orodha iliyopangwa ya madarasa inayoanza na lenyewe na kuishia na `object`. Unaweza kuuona kwa kuandika `KamusiNdogo.__mro__`. Unapoita `k.kitu()`, Python huangalia kwanza sifa za objekti yenyewe pamoja na mstari huo, na kwa methodi za kawaida linalotawala ni darasa la kwanza kwenye mstari lililo na jina hilo. Haiangalii idadi ya vigezo wala aina zake. Jina tu. Kwa hiyo mtoto akiandika methodi yenye jina lile lile lakini vigezo tofauti kabisa, bado atakuwa ameifunika ya mzazi, na kosa litajitokeza siku mtu atakapoiita kwa vigezo vya zamani.

Ama `super()`, maana yake ni "anayenifuata kwenye mstari wa objekti hii". Mara nyingi huyo ni mzazi, lakini si lazima. Angalia:

```
class Hati:
    def hifadhi(self):
        print("hati imehifadhiwa")

class YenyeTarehe(Hati):
    def hifadhi(self):
        print("tarehe imewekwa")
        super().hifadhi()

class YenyeSahihi(Hati):
    def hifadhi(self):
        print("sahihi imewekwa")
        super().hifadhi()

class Mkataba(YenyeTarehe, YenyeSahihi):
    pass

Mkataba().hifadhi()
```

Itachapisha tarehe, kisha sahihi, kisha hati, kila moja mara moja. Tazama kwamba `super()` iliyo ndani ya `YenyeTarehe` imekwenda kwa `YenyeSahihi`, darasa ambalo `YenyeTarehe` hailijui kabisa na ambalo si mzazi wake. Laiti mwandishi angeandika `Hati.hifadhi(self)` badala ya `super().hifadhi()`, sahihi ingerukwa kimyakimya, na mkataba ungehifadhiwa bila sahihi pasipo kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Mpangilio huu wa mstari unaitwa C3, nao uliingia Python katika toleo la 2.2.

#9 Msomi wa Matoleo

Maelezo mazuri sana, Mwalimu. Naomba kusahihisha mwaka tu. Toleo la 2.2, la mwaka 2001, ndilo lililoleta madarasa ya mtindo mpya na `super` yenyewe, lakini mpangilio wake ulikuwa mwingine na ulionekana kuwa na kasoro. C3 iliingia katika toleo la 2.3, mwaka 2003, na haikubuniwa na watu wa Python; ilichapishwa mwaka 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan. Nao uandishi wa `super()` bila vigezo ulianza na Python 3.0 mwaka 2008. Kabla ya hapo tulikuwa tukiandika `super(YenyeTarehe, self)`, na ukilibadilisha jina la darasa ukasahau mstari huo, umeshaingia matatani.

#10 Mwalimu Mstari

Ni kweli, 2.3. Asante kwa kunirekebisha.

#11 Mlinzi wa Nyuzi

Ninyi mnazungumzia aliyefunika kwa kutaka. Mimi nitawaeleza kisa cha kufunika bila kujua, kwa sababu hicho ndicho kilichonifunza kuheshimu jambo hili.

Nilikuwa na darasa linalorithi `threading.Thread`, darasa la uzi, yaani kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine ndani ya programu moja. Kazi yake ilikuwa kusoma foleni ya ujumbe hadi iambiwe isimame. Nilifuata nyaraka barabara: niliandika `run()` yangu, na ndani ya `__init__` nilianza kwa kuita `super().__init__()` kabla ya jambo lolote. Kisha nilihitaji alama ya kusimamisha, nikaandika hivi:

```
self._stop = threading.Event()
```

Jina hilo nililiona ni la kawaida kabisa. Uzi ulianza, ulifanya kazi, ulisimama nilipouamuru. Lakini programu ilipofika kwenye `join()`, inayosubiri uzi uishe, ilianguka na ujumbe huu:

```
TypeError: 'Event' object is not callable
```

Nilikesha usiku mzima. Niliisoma `run()` mstari kwa mstari, nikaisoma foleni, nikabadilisha `Event` mara tatu, kumbe tatizo halikuwamo katika msimbo wangu wa kazi hata kidogo. Katika matoleo mengi ya Python 3, darasa la `Thread` lilikuwa na methodi yake ya ndani inayoitwa `_stop`, na `join()` ilikuwa ikiiita uzi unapokwisha. Sifa niliyoiweka kwenye objekti ililifunika jina hilo. `join()` ilikwenda kutafuta methodi, ikakuta `Event` yangu, ikajaribu kuiita kama funksheni. Niliibadilisha ikawa `_ishara_ya_kusimama`, na kila kitu kikatulia.

Sasa niwaulize Dada Mantiki na Ndugu Bingwa: hapa mzazi alipita kwa jina, bila kuahidi chochote katika nyaraka, na mimi niliumia kwa sababu alipita kwa jina. Kule kwa Mchambuzi, mzazi hakupita kwa jina, na yeye ameumia kwa sababu hakupita. Ni lipi tunalolitaka hasa?

#12 Fundi Kimya

Swali la Mlinzi limenigusa, na nina kisa kinachoeleza upande wa Mchambuzi bila C wala `dict`. Msimbo mtupu wa Python:

```
class Umbo:
    def pata_eneo(self):
        return 0
    eneo = property(pata_eneo)

class Mraba(Umbo):
    def __init__(self, upande):
        self.upande = upande
    def pata_eneo(self):
        return self.upande ** 2

print(Mraba(5).pata_eneo())
print(Mraba(5).eneo)
```

La kwanza ni 25, la pili ni 0. Mstari wa `property`, unaofanya methodi isomwe kama sifa, uliposomwa, ulichukua funksheni yenyewe ya `Umbo` ukaishika mkononi, haukuandika kumbukumbu ya jina lake. Mtoto anapolifunika jina, aliyekwisha kuishika funksheni haoni kifuniko chochote. Ukitaka ione, iandike `eneo = property(lambda self: self.pata_eneo())`, ili jina litafutwe upya kila mara. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la uzi mzima: kufunika kunalifunika jina, na atakayeathirika ni yule tu anayepita kwenye jina kupitia `self`.

#13 Bingwa wa Kasi

Fundi, umeeleza namna inavyotokea, na umeeleza vizuri. Lakini Mchambuzi aliuliza kwa nini watunzi walichagua kuishika funksheni badala ya jina. Jibu langu la #4 bado limesimama.

#14 Kinga Bora

Kwa kisa cha Mlinzi kuna kinga mbili. Ya kwanza ni ya zamani: jina linaloanza kwa mistari miwili ya chini, bila miwili mwishoni, hubadilishwa na Python likapewa jina la darasa mbele yake. `__simama` ndani ya darasa `Msomaji` huwa `_Msomaji__simama`, hivyo mtoto na mzazi hawagongani ila majina ya madarasa yao yakifanana. Ya pili ni mpya: tangu Python 3.12, iliyotoka mwaka 2023, moduli ya `typing` ina dekoreta ya `override`. Ukiiweka juu ya methodi na mzazi akawa hana methodi ya jina hilo, programu inakataa kuendelea.

#15 Msomi wa Matoleo

Kinga ya pili umeikosea kidogo, Kinga. Intapreta haikatai chochote; inaweka tu sifa ya `__override__` kwenye funksheni na kuendelea na safari. Anayelalamika ni kikagua aina, kama vile mypy au Pyright, ukikiendesha. Hali ni hiyo hiyo kwa `final`, iliyoingia katika toleo la 3.8: inamwambia mkaguzi kwamba methodi hii haifai kufunikwa, lakini ukiifunika Python itakuachia. Pia `override` inalinda upande mmoja tu. Inamsaidia aliyekusudia kufunika akakosea herufi moja ya jina. Haimsaidii Mlinzi, ambaye hakujua kwamba anafunika, kwa hiyo asingefikiria kuiweka. Na zaidi ya hayo, yeye alifunika kwa sifa ya objekti, hakuandika methodi.

#16 Kinga Bora

Nimekubali, nilichanganya na lugha zinazokusanywa kabla ya kuendeshwa. Java ina alama ya namna hiyo tangu mwaka 2004, na kule mkusanyaji mwenyewe hukataa.

#17 Dada Mantiki

Nimemfikiria Mlinzi tangu jana. Jibu langu ni kwamba visa vyote viwili vinatoka kwenye jambo moja: mzazi na mtoto hawakuwa na mapatano yaliyoandikwa kuhusu jina lile. Lakini nimeona pia kwamba tumekuwa tukimtetea Mchambuzi bila kulikagua darasa lake. Hebu tuchukulie `update()` ingeiita `__setitem__` kama anavyotaka. Kisha afanye hivi:

```
k["UREFU"] = 30
print(k["UREFU"])
```

Atapata `KeyError`. Ameifunika methodi ya kuweka akaiacha ya kusoma, kwa hiyo anahifadhi "urefu" na anatafuta "UREFU". Halikadhalika `"UREFU" in k` itasema hapana mara tu baada ya kuiweka.

Kila msimbo uliowahi kuandikwa kwa ajili ya `dict` unategemea kwamba ukiweka thamani kwa ufunguo fulani utaikuta kwa ufunguo ule ule. Barbara Liskov alilizungumzia wazo hili mwaka 1987, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaliandika kwa umakini zaidi: mahali panapotarajiwa objekti ya mzazi, objekti ya mtoto iweze kuwekwa bila sifa zinazotegemewa kuvunjika. `KamusiNdogo` inavunja sifa hiyo kwa mkono wake yenyewe. Ndiyo maana nasema chanzo cha shida si `update()`. Chanzo ni kurithi `dict` kwa kitu ambacho hakikubali kuwa `dict`.

#18 Mchambuzi Mdogo

Dada, nimelijaribu sasa hivi na kweli nimepata `KeyError`. Wenzangu walikuwa wakisoma kwa herufi ndogo siku zote, ndiyo sababu haikuonekana. Sasa nirithi nini?

#19 Mwalimu Mstari

Rithi `UserDict` kutoka moduli ya `collections`. Hiyo imeandikwa kwa Python, inahifadhi kamusi halisi ndani ya sifa inayoitwa `data`, na methodi zake kubwa zimejengwa juu ya zile ndogo: `__init__` inaiita `update()`, na `update()` inaweka kila thamani kwa kupitia `__setitem__` ya objekti. Funika `__setitem__`, `__getitem__`, `__delitem__` na `__contains__`, kila moja igeuze ufunguo kuwa wa herufi ndogo, na nyingine zitafuata, isipokuwa `|=`, ambayo huingiza moja kwa moja ndani ya `data`.

#20 Mpishi wa Data

Ushauri wa Mwalimu ni mzuri, ila jiandae, kwani mimi nilifanya hivyo hivyo na siku ya pili `json.dumps()` ikakataa ikisema objekti yangu haiwezi kugeuzwa kuwa JSON. `UserDict` si mtoto wa `dict`, kwa hiyo `isinstance(k, dict)` inarudisha `False`. Niliandika mtoto wa `json.JSONEncoder` nikaifunika `default()`, ambayo nyaraka zinakualika kabisa uifunike, nikarudisha `objekti.data` kwa madarasa yangu. Huo ni mlango uliotangazwa, kama Dada Mantiki alivyosema katika #5.

#21 Msomi wa Matoleo

Nirudi kwa Ndugu Bingwa na hoja yake ya C. Kuna intapreta nyingine inayoitwa PyPy, ambayo haikuandikwa kwa C. Imeandikwa kwa RPython, ambayo ni sehemu iliyobanwa ya Python yenyewe. Nyaraka za PyPy zina maelezo kuhusu jambo letu hili hili. Zinasema kwamba rasmi CPython haina kanuni yoyote kuhusu ni lini methodi zilizofunikwa na watoto wa aina za ndani zitaitwa; kwamba kwa makadirio, haziitwi na methodi nyingine za ndani za objekti hiyo hiyo; na kwamba hali ni hiyo hiyo kwa PyPy. Zinapotofautiana ni pale objekti moja inapoishughulikia nyingine, ambapo PyPy mara nyingi huziita na CPython haiziiti. Kama sababu ingekuwa C, PyPy isingekuwa na haja ya kufanya vilevile.

#22 Bingwa wa Kasi

Msomi, hoja hiyo hainishindi. PyPy inalenga kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya CPython bila kuzibadilisha, kwa hiyo lazima iige tabia yake, hata ile iliyozaliwa na sababu ambayo yenyewe haina. Mtoto anaweza kurithi mwendo wa babu bila kurithi maumivu ya goti lake.

#23 Dada Mantiki

Basi hapo umekubali kwamba sasa hivi tabia hiyo ni mapatano, hata kama ilianza kama kasi.

#24 Bingwa wa Kasi

Nimekubali kwamba haiwezi kuondolewa kirahisi. Chanzo chake bado nakishikilia.

#25 Mchambuzi Mdogo

Wakuu, nimehamia `UserDict`. Methodi nne nilizofunika zina mistari minane tu kwa jumla, na majaribio yangu yote matatu yamepita: kuunda, kuweka kwa mabano, na `update()`. Sehemu moja tu ya msimbo wa wenzangu ilikuwa ikiuliza `isinstance(x, dict)`, nami nimeibadilisha ikauliza `collections.abc.Mapping`, ambayo `UserDict` inaitimiza. Mzee wa Istilahi, kichwa cha uzi nimekiacha na "nimefunika".

#26 Mzee wa Istilahi

Nimeona, na nimefurahi.

#27 Chipukizi

Nimejaribu kitu usiku huu na sijui kinamsaidia nani kati yenu. Niliandika mtoto wa `list` nikafunika `append()` na `insert()`, kila moja ikichapisha neno inapoitwa. Nilipotumia `extend()`, hakikuchapishwa kitu. Nilipotumia `heapq.heappush()`, hakikuchapishwa kitu vilevile. Lakini nilipotumia `bisect.insort()`, `insert()` yangu iliitwa. Nimesoma kwamba `heapq` na `bisect` zote mbili zina sehemu zilizoandikwa kwa C.

#28 Msomi wa Matoleo

Umefanya jaribio zuri sana, Chipukizi. Msimbo wa C wa `insort` huuliza kwanza kama objekti ni `list` halisi isiyo mtoto. Ikiwa ni halisi, hupita njia ya mkato ya C. Ikiwa ni mtoto, huita `insert` kwa jina. `heappush` yenyewe haiulizi, huongeza kwa njia ya C moja kwa moja.

#29 Dada Mantiki

Kwa hiyo inawezekana kuwa na kasi na kumheshimu mtoto kwa pamoja, kwa gharama ya swali moja tu la aina. Ndugu Bingwa?

#30 Bingwa wa Kasi

Swali moja katika `insort`, ambayo inaingiza kitu kimoja kwa kila mwito. Katika `dict` swali hilo lingebidi liwekwe kwenye `update()`, `setdefault()`, `|=`, kwenye kuunda, na kwenye kila kona ya intapreta inayoigusa kamusi. Lakini kwa `update()` peke yake, inayoweza kuuliza mara moja tu mwanzoni kabla ya kuingiza funguo elfu, sina jibu la haraka. Naufungua msimbo wake nitazame inauliza nini kwanza.